Kamba za Raba

Juzi kwenye kundi letu la mchakamchaka mtu aliuliza habari za binti mmoja ambaye siku hizi haonekani. Majibu yakamiminika: mwambieni aje akimbie, mawazo yatamtoka. Wanasema kwa upendo, nawajua. Lakini mimi mawazo yalinirudisha masika ya mwaka ule nilipougua, chumba cha uani kwa mama mdogo, Moshi.

Mwishoni mwa Februari nilikuwa nimekimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21, na kile kilima cha kuelekea Mweka nilikipanda nikiwa bado na pumzi ya kuongea. Kwa hiyo sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, iliponikamata, kila mtu alishajua dawa yangu. Hata mimi.

Asubuhi ile nilikaa ukingoni mwa kitanda, raba zote mbili zipo miguuni, bado kamba tu. Nikazitazama. Nyeupe, ncha ya moja imefumuka nyuzi. Namna ya kuzifunga naijua, mikono haikwenda. Jirani akafagia uwanja akamaliza. Redio ikasoma habari, zikaisha, yakaja magazeti. Mvua ikanyesha juu ya bati, ikakatika. Mimi palepale. Mama mdogo alipoingia na chai hakusema jikaze. Alipiga magoti, akanivua raba moja baada ya nyingine, akasema, "Mwanangu, hili si la kukimbia. Oga twende hospitali."

Daktari hakuyadharau mazoezi. Alisema yanasaidia kweli, hasa kama sonona si kali, na mtu mzima anashauriwa kupata angalau dakika 150 kwa wiki. Ila ugonjwa ukishachukua nguvu ya kuamka, ukimwambia mgonjwa akimbie unamdai kilekile alichonyang'anywa. Akaniandikia fluoksetini, dawa ya sonona, akanitahadharisha kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, akanipangia siku za kuonana na mnasihi. Mazoezi yangu yakawa kufika getini na kurudi.

Nikafika getini. Halafu dukani. Halafu mama mdogo akaanza kunituma sokoni Mbuyuni kwa miguu, akidai vocha imeisha hawezi kuita bodaboda. Usingizi uliporudi nilikuwa nameza dawa, nazungumza, natembea, vyote kwa pamoja, na mpaka leo siwezi kusema kipi kiliniinua. Nakimbia tena, na nikiacha wiki mbili naona tofauti. Lakini asubuhi zikianza kuwa nzito vile, naanza kliniki, mbio baadaye.

Kwenye kundi sijaandika kitu. Nimempigia yule binti, hajapokea. Jioni nitapita kwao.