Nimemaliza Wrath of the Titans, moyo umezama

Nimezima skrini sasa hivi.

Filamu ya kwanza, ya 2010, niliipenda na kasoro zake zote. Hii ya 2012 niliiweka kiporo kwa sababu moja tu: Kronos, baba wa miungu Zeus na Hades.

Yule wa masimulizi ya Wagiriki aliogopa kupinduliwa na mwanawe, akawa anawameza watoto wake mmoja mmoja wakizaliwa. Alipozaliwa Zeus, mama yao, Rhea, akafunga jiwe kwenye nguo za mtoto, akampa mume wake alimeze.

Jiwe lile! Uchungu wote wa mama umo humo.

Nikasubiri. Nikasubiri tena.

Kilichokuja ni mlima wa moto unaotembea, unavunja na kuchoma. Baba aliyewaogopa wanawe sikumwona.

Ila Zeus na Hades walipopatana, wazee wawili waliochoka, wakaenda vitani bega kwa bega, koo lilinikaba. Dakika chache tu, kisha moshi na mawe tena.

Bado nimekaa hapa gizani, nimeumia kweli.

Nanyi mlioitazama, mlimwona Kronos mliyemtarajia? Niambieni.