Jinsi ninavyosoma DNA ya ndege wa makumbusho hadi kupata mti wa nasaba unaoaminika

Ngozi ya ndege iliyokaushwa miaka 100 iliyopita bado ina DNA, ila imekatikakatika na baadhi ya herufi zake zimebadilika. Ugumu wote umo humo. Anayechunguza mageuko huhesabu tofauti za herufi kati ya spishi na spishi, na kuoza nako huzaa tofauti za herufi. Utaratibu huu ndio umenipa miti ya nasaba ninayoweza kuitetea, na karibu kila hatua yake ipo ili kutenganisha vitu hivyo viwili.

Nianze na kemia, maana bila hiyo hatua nyingine zitaonekana kama urasimu tu. Sitosini (C) ikikaa na unyevu hupoteza kundi lake la amini na kuwa urasili. Kimeng'enya kinachonakili DNA huichukulia urasili kama timini, kwa hiyo palipokuwa na C data inaonyesha T, na upande wa uzi wa pili palipokuwa na G inaonekana A. Jambo hili hutokea zaidi kwenye ncha za vipande, kwa sababu hapo uzi mmoja hubaki wazi bila mwenzake wa kuukinga. Wakati huohuo adenini na guanini hudondoka kutoka kwenye uti wa uzi, na pale zilipodondoka uzi hukatika. Matokeo yake ni vipande vifupi, vingi vikiwa chini ya besi 150, yaani herufi 150 za DNA.

Ufupi huo ndio unaoamua mashine. Njia ya Sanger ya mwaka 1977 husimamisha unakili kwa nyukliotidi (vijenzi vya uzi, kila kimoja kikibeba herufi moja) zisizoweza kuunganishwa na inayofuata, kisha hupanga vipande kwa urefu. Husoma besi 700 hivi kwa usahihi mkubwa, lakini kipande kimoja kwa wakati, na hutaka DNA isiyokatikakatika. Wanasayansi waliosoma DNA ya kwaga kutoka kwenye ngozi kavu mwaka 1984 walipata besi 229 tu za mitokondria, viungo vya seli vyenye DNA yao ndogo nje ya kiini. Zilitosha kuonyesha kwamba mnyama huyo, ambaye wa mwisho wao alikufa Amsterdam mwaka 1883, alikuwa karibu na punda milia kuliko farasi. Kwa maswali ya leo besi 229 ni chache mno.

Mashine za nanotundu hupitisha uzi wa DNA kwenye tundu la protini na kupima jinsi mkondo wa umeme unavyobadilika. Nguvu yake ni urefu: makumi ya maelfu ya besi kwa mkupuo. Kipande cha besi 80 hakifaidiki chochote na uwezo huo. Mashine hizo, pamoja na zile zinazozungusha kipande cha besi 15,000 hivi na kukisoma mara nyingi hadi makosa yajisahihishe, nazitumia kwa tishu mbichi ya spishi jirani, ili nipate jenomu rejea, yaani DNA kamili ya kulinganishia, ya kupangia vipande vya sampuli kongwe.

Sampuli kongwe yenyewe naipeleka kwenye mashine ya Illumina, inayosoma mamilioni ya vipande vifupi kwa pamoja. Humo kila kipande hushikizwa kwenye kioo na kunakiliwa hadi kuwa kishada cha nakala zinazofanana. Katika kila mzunguko nyukliotidi moja yenye rangi na kizuizi huongezwa, picha hupigwa, kisha rangi na kizuizi huondolewa. Kadiri mizunguko inavyoongezeka, baadhi ya nakala kwenye kishada hubaki nyuma au kutangulia, na ubora hushuka kuelekea mwisho. Alama ya Q30 maana yake ni uwezekano wa kosa 1 kati ya besi 1,000. Tahadhari moja ni muhimu kwa vipande vifupi: mashine za rangi mbili huiandika G pale zisipoona mwanga wowote. Kipande kikiisha kabla ya mizunguko kwisha, mkia wa G tupu huandikwa mwishoni. Mkia huo lazima ukatwe kabla ya kazi nyingine yoyote.

Mezani nachukua kipande cha milimita 2 kwa 3 cha nyama kavu iliyo chini ya kidole cha mguu, kwa wembe mpya kwa kila ndege. Ngozi nyingi za zamani zilihifadhiwa kwa aseniki, kwa hiyo glavu na barakoa si hiari. Chumba cha kutolea DNA kinapaswa kuwa mbali kabisa na chumba cha PCR (mbinu ya kunakili DNA mara nyingi), na mtu aliyeshaingia kwenye PCR hatakiwi kurudi upande wa kwanza siku hiyo. Meza naifuta kwa hipokloriti ya sodiamu, kisha nawasha taa ya urujuanimno.

Tishu naimeng'enya kwa proteinezi K usiku kucha katika nyuzi 56, nikiongeza kemikali ya DTT ili kufungua vifungo vya salfa vya keratini. Bila DTT kipande hubaki kigumu hadi asubuhi. Safu za kawaida za silika hupoteza vipande vifupi, na vipande vifupi ndivyo ninavyovitaka. Dawa yake ni bafa yenye guanidini na isopropanoli nyingi, kwa ujazo mkubwa kuliko wa kawaida, ili hata vya besi 40 vishike kwenye silika. Baada ya kuosha kwa ethanoli nazungusha safu ikiwa tupu hadi ikauke kabisa, kwani ethanoli ikibaki huzuia vimeng'enya vya hatua inayofuata. Sampuli tupu, isiyo na tishu, hupita njia yote hii pamoja na nyingine na husomwa hadi mwisho, ili uchafu ukiingia uonekane. Kiasi cha DNA nakipima kwa fluoromita. Kipimo cha kufyonzwa kwa mwanga huhesabu na takataka nyingine, na huleta tarakimu za kufurahisha tu.

Katika kuandaa maktaba ya DNA, yaani vipande vilivyotiwa tayari kwa mashine, sikati vipande, vimeshakatika. Natumia kimeng'enya cha UDG kwa kipimo pungufu: huondoa urasili za katikati na kuacha zile za nchani kabisa. Hivyo nabaki na ushahidi kwamba DNA ni kongwe, na herufi za ndani zinakuwa safi. Hapa wengi hukwama bila kujua sababu. Polimerasi (vimeng'enya vinavyonakili DNA) zenye uwezo wa kujisahihisha husimama zikikutana na urasili, kwa hiyo PCR ya kwanza ifanywe na polimerasi inayoivumilia, la sivyo molekuli kongwe hubaki nyuma na uchafu wa kisasa hunakiliwa wote. Adapta, vipande vya DNA vinavyobandikwa kwenye ncha ili mashine ivishike, zikizidi huungana zenyewe kwa zenyewe na kutoa kilele karibu na besi 120. Ni afadhali kupunguza adapta tangu mwanzo kuliko kuosha kwa ukali baadaye, kwa sababu mwosho mkali unatupa vipande vyako pia. Kila sampuli naipa alama mbili za utambulisho, mfuatano mfupi wa herufi, zisizorudiwa kwenye sampuli nyingine yoyote. Visomo, yaani herufi zilizosomwa kutoka kila kipande, hurukia sampuli jirani ndani ya mashine, na alama mbili hizo huvikamata.

Kwenye kompyuta naunganisha visomo viwili vya kila kipande pale vinapopishana, kisha natupa vyote vilivyo chini ya besi 30. Vifupi hivyo hukaa popote kwenye jenomu, pamoja na vya bakteria. Nakipanga kila kisomo kwenye rejea kwa programu ya BWA katika hali ya aln nikiwa nimezima mbegu (kipande cha mwanzo kinachotumika kutafuta mahali pa kisomo), kwa sababu mbegu hutaka mwanzo wa kisomo ufanane na rejea, na mwanzo ndipo penye uharibifu. Nakala zilizorudiwa naziondoa. Kisha nachora grafu ya mapDamage, programu inayopima uharibifu wa DNA kongwe: C kwenda T inatakiwa kupanda kwenye besi ya kwanza. Ikiwa bapa kabisa, nashuku uchafu wa kisasa kabla ya kufurahia ubora wa sampuli. Kwa kiini cha seli nahitaji kina cha mara 10 au zaidi, yaani kila mahali pasomwe mara hizo, ili kuamini aleli zote mbili, nakala ya kila mzazi. Chini ya hapo nachagua herufi moja kwa bahati nasibu kila mahali.

Mitokondria ina mtego wake. Nakala za kale za jeni zake zimehamia kwenye kiini na kubadilika huko kivyake. Damu ya ndege ni hatari zaidi kwa hili, maana chembe zake nyekundu zina kiini. Kodoni ya kusimamisha, yaani herufi tatu zinazoamuru jeni liishe, ikitokea katikati ya jeni, au herufi mbili zikigombea nafasi moja, kisomo hicho sikiweki kwenye mti.

Mti naujenga kwa programu ya IQ-TREE mara mbili. Mara ya kwanza kwa herufi zote. Mara ya pili kwa tofauti zile tu zinazovuka kati ya kundi la A na G na kundi la C na T, ambazo uharibifu wa sitosini hauwezi kuzizalisha. Sampuli kongwe ikiwa na tawi refu kwenye mti wa kwanza na likafupika kwenye wa pili, urefu ule ulikuwa uozo, si mageuko ya kasi. Ikihama mahali, naamini mti wa pili.

Jeni moja haitoshi hata data ikiwa safi. Kwa binadamu, sokwe mtu na sokwe wa aina ya gorila, takriban asilimia 30 ya jenomu hutoa mti usiolingana na mti wa spishi, kwa sababu aleli za babu zao hazikupata muda wa kuchujwa kabla spishi hazijatengana. Kwa hiyo nahesabu pia ni jeni ngapi zinaunga mkono kila tawi. Zikigawanyika karibu sawasawa katika mipangilio yote mitatu inayowezekana, nachora matawi matatu yakitoka kwenye kifundo kimoja, na nayaacha hivyo kwenye ripoti hata kama asilimia za takwimu juu ya kifundo hicho zinaonekana nzuri.