Simu ya makopo ya nyanya

Juzi mwanangu kanijia na daftari la sayansi, shuleni wameulizwa sauti inasafiri kwenye nini, yeye kaandika hewa, halafu ananiuliza, baba, na kwenye uzi je? Nikasema nimjibu haraka niendelee na shughuli zangu, tukajikuta tuko barazani mpaka adhana ya magharibi, maana swali lile lilinipeleka Pangani moja kwa moja, mwaka ule dada alipougua tetekuwanga.

Bibi alimtenga chumba cha uani. Anaogeshwa maji ya mwarobaini, chakula anawekewa mlangoni, sisi wadogo ruksa kumpungia mkono tu kutoka barazani. Na vile vipele vilikuwa vimemtoka mpaka kooni, sauti imekauka kabisa, akisema kitu pale dirishani ukiwa upande wa pili wa uwanja husikii neno. Mimi nilizoea kulala chumba kimoja na dada, nilikuwa nalia kila jioni, basi mjomba akachoka kunitazama.

Mjomba alikuwa mvuvi. Alichukua makopo mawili ya nyanya, akayatoboa pande zote mbili yakabaki matupu, upande mmoja akawamba nailoni vile inavyowambwa ngoma, akakaza kwa mpira wa tyubu. Katikati akabandika kipande cha plasta isije ikachanika, akatoboa kwa sindano, akapitisha mshipi wa kuvulia, kwa ndani akaufunga kwenye kijiti cha kiberiti usichomoke. Kopo moja akalipenyeza dirishani kwa dada, jingine akanipa mimi. Kimya. Mshipi ulikuwa umelalia kamba ya kuanikia nguo, mjomba akaenda kuunyanyua, akasema usiguse kitu chochote huo, halafu vuta, vuta mpaka ukaze.

Nikavuta. Nikaweka kopo sikioni nikasikia kwanza mkwaruzo, vidole vya dada vinahangaika na kopo lake, halafu nikasikia pumzi. Nasema pumzi kweli, inaingia inatoka, na ile mikoromo ya kifua chake, mtu yuko ng'ambo ya uwanja mzima lakini yuko ndani ya sikio langu, nikageuka kuangalia nyuma yangu nikidhani kaja. Akasema, "Ni wewe mdogo wangu?" Nikahamisha kopo mdomoni nikajibu ni mimi, nikalirudisha sikioni haraka nisipitwe. Akasema, "Usiku naogopa." Dada huyo ndo aliyekuwa anatupeleka sisi chooni gizani, mimi sikuwahi kujua kama na yeye huogopa. Akaendelea, "Sikiliza, usimwambie mtu..." na papo hapo bibi akapita na ndoo, bega likagusa mshipi, sauti ikakatika pale pale.

Nilimweleza mwanangu kwamba bega la bibi ndo jibu la swali lake. Sauti ya dada ilikuwa inaipiga ile nailoni, nailoni inavuta na kuachia mshipi, mtikisiko unakimbia mpaka kwenye nailoni ya kwangu, sasa ukigusa katikati unaumeza wewe. Ukilegeza pia unakufa. Ila ukikaza, hata mnong'ono unafika, kwa sababu hewani sauti inatawanyika kila upande na kwenye uzi ina njia moja tu. Hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwenye waya wa chuma inafika kama mita 5,000. Robert Hooke wa Uingereza aliandika kwenye kitabu chake cha 1665 kwamba alipeleka sauti mbali kwa waya uliokazwa, hata ukiwa umekunjwa kona kadhaa. Na Peru watu wa Chimú walitengeneza ya kwao kabla yake sana, vibuyu viwili vilivyopakwa utomvu na kuwambwa ngozi, katikati kamba ya pamba ya kama mita 23, iko Marekani kwenye makumbusho ya Smithsonian. Nilipoiona picha yake mara ya kwanza nilimkumbuka mjomba na makopo yake, nikatamani angekuwepo nimwonyeshe.

Dada alipona, makopo yakaenda kuchotea maji ya kuku. Yeye sasa yuko Muscat, tunaongea kwa video karibu kila wiki, na Idi iliyopita nikamuuliza siku ile alitaka kusema nini. Akacheka, akasema labda alitaka nimwibie sukari ya uji. Inawezekana. Lakini mimi niliisikia pumzi yake kabla ya lile neno, na mtu anayetaka sukari havuti pumzi vile. Nikamuuliza tena, akaniambia, "Mdogo wangu, zamani hiyo," akaanza kuniulizia hali ya mama.