Koti Jeusi la Kwenda Leipzig: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Wiki ya kwanza ya Februari

Mdogo wangu anasoma Ujerumani, na mwaka huu amepania kwenda Leipzig wakati wa Pentekoste kuhudhuria Wave-Gotik-Treffen, mkusanyiko wa muziki na mavazi ya Gothiki ulioanza mwaka 1992 na ambao siku hizi huujaza mji huo watu wapatao 20,000, wengi wao wakiwa wamevaa nyeusi kutoka utosini hadi nyayoni. Ameniomba nimshonee koti. Mimi ni mhasibu hapa Mtwara, na ushonaji kwangu ni kazi ya jioni, kwa cherehani ya miguu aliyotuachia mama. Lakini aliponitajia bei za makoti ya aina hiyo huko aliko, sikuwa tena na uso wa kukataa.

Kabla ya kugusa mkasi nilitaka kujua hasa ninashona kitu gani. Mtindo huu ulipata makao yake ya usiku London, mtaa wa Soho, Julai 1982, ilipofunguliwa klabu ya Batcave, jina lenye maana ya pango la popo. Waliokuwa wakienda huko walirithi kutoka kwa panki, vijana wa mtindo wa muziki uliowatangulia, desturi ya kujitengenezea nguo: walinunua mitumba, wakaifumua, wakaichana, wakavaa soksi za nyavu mikononi, wakajipaka wanja mzito kama wa Siouxsie Sioux, mwimbaji aliyeigwa na wengi wao. Nilipofika hapo nilitulia kidogo. Wanja tunao, mitumba tunayo, na nyavu, kwa mtu anayeishi pwani hii, si jambo la kusafiria.

Wiki ya tatu ya Februari

Makoti ya sufu hapa Mtwara hayana mnunuzi. Katika marobota ya mitumba huwa chini kabisa, na muuzaji huyatazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekataa kuondoka. Nimepata mawili ya kiume, meusi yote mawili, kwa bei ya fulana tatu. Nimekusudia kufumua la kwanza, kulibana kiunoni, kisha kukata la pili vipande virefu vya pembetatu na kuviingiza mgongoni kuanzia kiuno kwenda chini, ili pindo lijae na kucheza mtu anapogeuka. Umbo hilo limetoka kwenye mavazi ya Uingereza ya zama za Malkia Victoria, ambaye alipofiwa na mumewe, Albert, Desemba 1861, alivaa nguo za msiba mpaka naye alipofariki mwaka 1901, na watu wake wakafuata kwa miaka mingi.

Dukani nilikokwenda kununua bitana nilipata kisa. Niliagiza mita 4 za merikani nyeupe nitakayoitia rangi mwenyewe, mita 2 za kaniki kwa ajili ya mifuko, na utepe mwekundu wa kupambia ndani ya kola. Mama muuzaji alivipanga vitu hivyo mezani, akavitazama, akapunguza sauti.

“Mwanangu, umetumwa na fundi gani?”

Nikajibu bila kufikiri kwamba fundi ni mimi mwenyewe, mama. Sikuelewa kwa nini mikono yake ilisita juu ya utepe mpaka nilipokuwa nusu ya njia kurudi nyumbani: nyeupe, nyekundu na kaniki ndizo nguo zinazoagizwa na waganga, na mganga naye huitwa fundi. Sasa duka lile nalipita upande wa pili wa barabara.

Wiki ya pili ya Machi

Vipimo. Mdogo wangu hana utepe wa kupimia, basi alijipima kwa waya wa chaji ya simu na kuulinganisha na rula. Upana wa mabega aliopata ungemfaa mchukuzi wa bandarini. Nimemwambia aache kujipima mwili. Achukue jaketi lake linalomkaa vizuri kuliko yote, alifunge vifungo, alilaze sakafuni na kulipima lenyewe kutoka mshono hadi mshono. Tofauti ya mabega ilikuwa sentimita 5. Yeyote anayemshonea mtu aliye mbali aanzie hapo.

Mwisho wa Machi

Hapa ndipo mradi uliponishika koo. Makoti yangu mawili meusi si meusi. Ndani ya nyumba yanafanana, lakini nilipoyatandaza barazani asubuhi mvua ilipokatika, moja lilivuta kwenye buluu na jingine kwenye hudhurungi, kiasi kwamba vile vipande vya pembetatu vingeonekana kama viraka.

Jambo la pili nililigundua ofisini. Tuna taa ndogo ya urujuanimno ya kukagulia noti bandia, na nikakumbuka kwamba kumbi nyingi za muziki huwasha taa za aina hiyohiyo usiku, zile zinazofanya shati jeupe ling'ae gizani. Niliiazima kwa usiku mmoja, nikazima taa za chumbani na kulimulika koti. Lilikuwa anga lenye nyota. Kila kijisufu cheupe kilichonasa kwenye sufu kiling'aa kwa buluu, na uzi mweupe wa poliesta uliokuwa umeshikilia mkanda wa ndani ulichora mstari mzima wa mshono. Sababu ni viangaza, kemikali zinazotiwa kwenye sabuni za unga, na kiwandani kwenye nyuzi nyeupe, ili nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi: hunasa kwenye nyuzi na kuurudisha mwanga ambao macho hayauoni ukiwa mwanga ambao macho yanauona. Nguo iliyofuliwa pamoja na mashuka huondoka na vumbi lake. Kwa hiyo koti la kuvaliwa usiku mjini linataka weusi wa namna mbili, wa kulistahimili jua na wa kuistahimili taa.

Aprili, wiki mbili

Rangi ya dukani ningeweza kununua, lakini nilitaka nijaribu iliyo karibu. Korosho ikishabanguliwa hubaki na ngozi laini ya kahawia inayoambuliwa na kutupwa, na ngozi hiyo ina tanini nyingi. Tanini ikikutana na chuma huzaa weusi, na ndiyo kanuni ya wino wa zamani. Anayetaka kuiga asichanganye ngozi hiyo na ganda gumu la nje, kwa sababu mafuta ya ganda huunguza mikono, kama wanavyojua akina mama wote wabanguaji.

Nilichemsha sufuria ya ngozi kwa saa nzima, nikachuja, nikalaza merikani humo usiku kucha. Maji ya chuma niliyapata kwa kuloweka misumari yenye kutu ndani ya siki kwa siku kumi. Kitambaa cha kahawia kilipoingia kwenye maji hayo kiligeuka mbele ya macho yangu, kwanza majivu, kisha zambarau iliyokolea, kisha rangi ya mawingu ya masika. Nikaingiwa na tamaa, nikaongeza maji ya chuma mara mbili zaidi na kukianika bila kukisuuza vyema. Baada ya wiki moja kilikuwa kikavu kama karatasi, na nilipokivuta kwa vidole viwili kilichanika kwa urefu. Chuma kikizidi hula pamba. Mita 4 zote zimekuwa matambara ya kupangusia cherehani.

Mara ya pili nilitia chuma kidogo kidogo, nikachovya, nikapunga hewani, nikarudia mara tano na kusuuza kila mara. Vipande vya sufu vya makoti yote mawili vilipita humo pia, katika maji ya uvuguvugu tu, kwa kuwa sufu ikichemshwa na kukorogwa hujikunja na kuwa nene kama zulia. Jua lilipotoka sikuweza tena kutofautisha koti la kwanza na la pili. Chini ya taa ya noti, giza tupu.

Mei

Vifungo. Huko Uingereza mapambo ya msiba yalitengenezwa kwa jiwe jeusi la Whitby, ambalo kwa asili ni mbao za kale zilizogeuka kwa mamilioni ya miaka chini ya ardhi. Sisi mbao yetu nyeusi bado inasimama msituni. Mzee mmoja mchongaji wa Kimakonde anayefanya kazi chini ya mwembe karibu na kwetu amenichongea vifungo 9 kutoka masalio ya mpingo. Kila kimoja alikiacha na ukingo mwembamba wa ile sehemu ya nje ya mti, ya rangi ya manjano hafifu, na nilipomwomba auondoe alinitazama kwa huruma.

“Mjukuu wangu, ukiuondoa huo watasema ni plastiki.”

Ukingo umebaki. Tatizo ni uzito: mpingo huzama majini, na vifungo 9 vilivuta upande wa mbele wa koti hadi nikalazimika kuweka kitambaa kigumu ndani yake. Mikono ya nyavu niliyopanga tangu Februari nimeiacha. Nyavu za nailoni hukwaruza, na kipande nilichopewa na wavuvi wa Mikindani kilikuwa bado na harufu ya dagaa hata baada ya kufuliwa mara tatu.

Koti limesafiri kwa mkono wa mtu anayefahamiana na familia. Nilipokuwa nikilifunga nilikumbuka mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, iliyochimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na hadi leo imesimama Berlin, mnyama mmoja akipita mita 13 kwenda juu. Huu wangu ni mzigo mwepesi kidogo, na mwenyewe ameuomba.

Juni, baada ya Pentekoste

Amepiga simu. Mabega yamekaa, pindo linacheza, na watu wawili wamemuuliza vifungo ni vya jiwe gani. Mchana alilivaa kwenye tafrija ya bustanini ambako watu hukaa kwenye nyasi na mavazi yao ya Kivictoria, na jua halikupata la kusema. Usiku aliingia ukumbini, taa za zambarau zikawashwa.

“Dada, kuna kitu kinawaka kwenye pindo.”

Ni uzi mweupe wa kushikizia. Nilishikiza pindo kwa uzi huo kabla ya kulipiga cherehani, nikaung'oa pande zote, nikasahau kiasi cha shibiri moja nyuma, na kwa kuwa koti lilikuwa tayari limekaguliwa wiki iliyotangulia sikulirudisha chini ya taa. Nimemwambia achukue mkasi mdogo, akate fundo la kushoto na kuvuta taratibu. Amesema atafanya hivyo akishalala.