Jinsi nilivyopatanisha staji ya ualimu na ibada ya mababu, Bukavu

Mimi ni Mshi, wa kabila la Washi wa Kivu Kusini, namheshimu Lyangombe, roho mkuu wa jadi yetu, na wahenga wetu, na staji yangu, yaani mazoezi ya kufundisha, iliangukia shule ya Kikatoliki hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kuwamwagia wahenga pombe ya mtama alfajiri kuligongana na fishi za masomo, yaani maandalizi ya kila somo kwa maandishi, ambazo mwalimu msimamizi huzitaka kabla ya kengele. Halafu kila asubuhi darasa husali, na stajeri, yaani aliye katika staji kama mimi, ndiye anayeongoza.

La alfajiri nililimaliza kwa kumuuliza nyanya. Akasema siku za shule niwape maji safi na kuwataja majina, pombe ingoje Jumapili. Fishi za wiki nzima naziandika Jumamosi. Jioni narekebisha tu.

Sala ilikuwa nzito zaidi. Ibara ya 22 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inalinda uhuru wa dhamiri. Lakini shule hizi huendeshwa na kanisa kwa mkataba na serikali tangu 1977, nami pale ni mgeni. Sikutaka kudanganya, wala kuigeuza staji kuwa ugomvi. Nilimweleza msimamizi faraghani, kwa adabu: mwalimu, nitasimama kimya kwa heshima, ila naomba mwanafunzi wa zamu aongoze. Alikubali, maana watoto wenyewe wanapenda kuongoza. Na mimi simhubirii mtoto yeyote habari za Lyangombe. Wale ni watoto wa watu, nimekuja kuwafundisha hesabu.

Ukipangiwa shule kama hiyo, zungumza na msimamizi kabla ya somo lako la kwanza.