Kivuli cha kijiti, saa saba kasoro dakika kumi

Kila inapokaribia likizo ya mwezi wa sita, wazazi wa hapa Mwanza wanaosikia kwamba ninawakusanya wanafunzi wa darasa la tano na la sita kwa wiki tatu huniuliza swali lile lile: mwalimu, mtamaliza mada zipi? Ninalielewa swali hilo, kwa kuwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na mama anayeamka alfajiri kwenda kuuza dagaa Mwaloni Kirumba ili mwanawe asome ana haki ya kujua mtoto huyo anafundishwa nini. Hata hivyo, jibu langu ni kwamba hatumalizi mada yoyote. Tuisheni ya kuwahi mada za muhula ujao humrudisha mtoto mdadisi shuleni akiwa amekwisha kulichoka somo ambalo mwalimu wake hajalianza, akabaki kusubiri wenzake wamfikie. Mtoto wa namna hiyo anahitaji swali lisiloweza kujibiwa ndani ya kipindi kimoja, vifaa vya kulichunguza, na ruhusa ya kukosea njiani.

Mwaka huu swali la kwanza lilikuwa la kivuli. Tulisimika kijiti chenye urefu wa mita moja kwenye uwanja wa udongo, tukakinyoosha wima kwa timazi tuliyoazimwa na fundi mwashi, na kuanzia saa tano na nusu watoto wakawa wanaweka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Wote walikuwa wameandika kwenye madaftari kwamba kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa sita kamili, kwa sababu tangu utotoni wameambiwa kuwa saa sita jua liko utosini. Saa sita ikafika, kivuli kikaendelea kufupika. Kilifikia ufupi wake wa mwisho saa saba kasoro dakika kumi, kikiwa na sentimita 49, nacho kilikuwa kimelala kuelekea kusini. Jua halikuwa utosini.

Niliwaacha na jambo hilo siku mbili bila kuwapa jibu. Wengine waliilaumu saa yangu, wakaleta simu za kaka zao, na kivuli kikarudia saa ile ile. Ndipo kijana mmoja wa Igoma akakumbuka kwamba wakati wa Ramadhani, redio inapotoa adhana ya magharibi ya Dar es Salaam, bibi yake huwakataza kugusa tende kwa sababu Mwanza bado jua halijazama, na husubiri karibu nusu saa. Mwingine akadakia kwamba ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi, anapotoka nyumbani kwenda shule, kunakuwa bado na giza. Hapo nilichukua tufe la dunia. Saa ya Tanzania hufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambao haupiti mahali popote katika nchi yetu, na Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kwa dakika nne, kwa hiyo nyuzi 12 za tofauti ni dakika 48. Kuzidisha 12 kwa 4 wanakujua tangu madarasa ya chini, lakini sijawahi kuona jibu la kuzidisha likipokelewa kwa shangwe kama siku ile.

Binti mmoja hakushangilia. Kivuli kilikuwa kimechelewa dakika 50, naye alitaka kujua dakika mbili zilizobaki zimetoka wapi. Ilinibidi nimweleze kwamba njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama, hivyo wakati wa jua kufika juu kabisa huwahi au huchelewa kidogo kadiri mwaka unavyokwenda. Alichora jambo hilo kurasa tatu. Ni kwa ajili ya watoto kama huyo ninatoa likizo yangu.

Ni lazima niseme hapa kwamba mwaka wa kwanza nilikosea katika kuwachagua. Niliomba niletewe watoto walioshika nafasi tatu za juu katika kila darasa, na nikapata kundi la watoto wazuri, wenye bidii, ambao wengi wao waliogopa kuandika utabiri kabla hawajajua jibu sahihi. Siku hizi ninamwomba mwalimu wa darasa anitajie mtoto anayemchosha kwa maswali. Yule wa adhana alikuwa wa 41 darasani. Tunazungumza Kiswahili muda wote, hata na wale wanaotoka shule zinazofundisha kwa Kiingereza, kwa maana nimeona mtoto anayetafuta neno la kigeni huliacha wazo lake likiwa nusu.

Wiki ya pili tulipanda kwenye miamba. Watoto wengi huamini kwamba mawe yale yaliyobebana juu ya vilima vyetu yalipangwa na mtu au jitu, na hufurahi kusikia kwamba ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, yaliyopasuka na kulainika pembe zake yakiwa bado chini ya ardhi, kisha mvua ikaondoa udongo na kuyaacha wazi.

Wiki ya tatu ilikuwa ya ziwa, na sharti lake la kwanza ni kwamba hakuna mtoto anayetia mguu majini, kwa kuwa vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa kandokando ya maji na hupenya kwenye ngozi. Tulitumia mtumbwi wenye injini, na kila mtoto akavaa jaketi la kuokolea. Kipimo chetu ni kile alichokibuni Angelo Secchi wa Italia mwaka 1865: sahani inayoshushwa kwa kamba mpaka isionekane. Sisi tulitumia mfuniko wa ndoo uliopakwa rangi nyeusi na nyeupe, wenye jiwe chini yake, na kamba yenye fundo kila sentimita kumi. Karibu na mahali Mto Mirongo unapoingiza ziwani maji yaliyopita katikati ya jiji, mfuniko ulipotea kabla ya fundo la tatu. Tulipokwenda mbali na ufukwe, mafundo yakawa mengi hata mhesabuji akaomba tuhesabu upya. Wakati wa kurudi watoto hawakuimba kama walivyoimba wakati wa kwenda. Walikuwa wakibishana juu ya mitaa yao, ni upi unaotupa nini mtoni.

Siku ya mwisho kila mmoja aliandika utabiri wa kivuli cha kijiti kile kwa tarehe 22 Desemba, kisha tukazifunga karatasi ndani ya bahasha. Wengi wameandika kwamba kitaelekea kusini tena. Binti wa dakika mbili alichora pembetatu kwa kipimapembe, akaandika: kaskazini, sentimita 38. Kijiti bado kipo uwanjani, na mlinzi amekizungushia mawe ili mbuzi wasikiangushe.