Kabla ya Kijiko cha Kwanza

Mgonjwa wa kiharusi akifikishwa wodini hapa Lamu, chakula chake hakikawii kumfuata. Jamaa waliombeba kwa machela katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambamo gari halipiti, huwa wameshaagiza nyumbani uletwe uji na maji ya kunywa, kwani kwetu mtu akiugua hujaribiwa kwanza kutiwa kitu tumboni. Huruma hiyo naiheshimu sana, na ndiyo maana naandika haya: kwa mgonjwa huyu, kikombe kile chaweza kumdhuru kuliko njaa.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Misuli ya koo huamrishwa na ubongo kama ile ya mkono, ila mkono uliolegea kila mtu anauona, na koo lililolegea halionekani. Mgonjwa akipaliwa, maji hushuka kwenye njia ya hewa. Wapo hata wasiokohoa, kwa kuwa koo halihisi tena, nao ndio wanaonitia hofu zaidi. Baada ya siku chache homa hupanda, pumzi hukaza, na sasa tunatibu nimonia juu ya kiharusi.

Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe aliniuliza, "Hata funda moja la maji, mwanangu?" Nikamwomba asubiri tumwangalie pamoja. Tulimketisha mzee wima, mito ikamshikilia upande uliopooza, nikahakikisha yu macho na anaweza kukohoa akiambiwa. Kisha nilimpa maji kwa kijiko cha chai, kidogo kidogo, na baada ya kila kijiko nikamwomba aseme "Alhamdulillahi". Mara mbili sauti ilitoka safi. Mara ya tatu ilikuja na mkoromo wa majimaji, na mkewe aliusikia kabla sijasema neno. Tukaacha hapo hapo, naye akalishwa kwa mpira wa puani mpaka koo lilipopata nguvu.

Wengi hushangaa kuambiwa kwamba maji matupu ndiyo magumu kumeza. Hukimbia kooni kabla misuli dhaifu haijajifunga, ilhali uji mzito huteremka polepole, kwa hiyo mara nyingi mgonjwa huanza na uji huo, kidevu kikiinamishwa kidogo, bila kuharakishwa. Akimaliza, shavu lililolegea lichunguzwe, maana chakula hujificha humo, kinywa kisafishwe, na abaki ameketi kwa nusu saa hivi.

Anayesinzia halishwi kamwe kwa mdomo. Kuupima usingizi huo tunatumia kipimo cha Glasgow, walichokitoa Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974: macho alama 4, usemi 5, mwendo wa viungo 6, jumla 15, na ya chini kabisa ni 3. Alama zikishuka, daktari huitwa mara moja. Lakini aliyepotewa na usemi hupata alama ndogo ilhali anaelewa yote yanayosemwa kando ya kitanda chake, na kwa hiyo mimi huandika kila alama peke yake na kuwakataza jamaa kumzungumzia kama hayupo.

Kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, ili makalio na visigino visifanye vidonda, jamaa hujifunza upesi. Naomba tu wasimvute kwa mkono uliopooza, kwa sababu bega lisilo na misuli ya kulishika huteguka kwa urahisi na maumivu yake hukaa muda mrefu.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani huwa nasisitiza dawa za presha, hata mgonjwa akijiona mzima. Kisha nataja dalili za kumrudisha siku hiyo hiyo: kikohozi wakati wa kula, sauti yenye majimaji, homa, usingizi usio wa kawaida. Na uso ukipinda tena, mkono ukilegea au maneno yakimponyoka, waangalie saa dalili ilipoanza na waondoke wakati huo huo, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka, na sisi wa kisiwani huenda tukalazimika kuvuka kwa boti hadi Mokowe kabla ya safari ya barabara kuanza.